Kifungu cha 44

Watu wengi hudhani kesi ya dereva mlevi huamuliwa na hakimu. Mimi niliyeziendesha kesi hizo katika mahakama za Pwani ya Kenya kuanzia miaka ya tisini hadi nilipostaafu, nasema nyingi huamuliwa usiku, mezani katika kituo cha polisi, na koplo aliyechoka anayetaka kumaliza hati ya mwisho kabla zamu yake haijaisha. Akiiandika vizuri, mlevi hana pa kutokea. Akiiandika vibaya, mwenye hatia huenda nyumbani, na wakati mwingine asiye na hatia hulipa faini au hulala jela. Nimeyaona yote mawili, na yote mawili yaliniuma.

Hati ya mashtaka ni karatasi moja tu. Juu kuna jina la mshtakiwa na tarehe aliyokamatwa. Chini yake kosa na kifungu cha sheria, kisha maelezo ya kosa: nani, lini, barabara gani, gari la namba gani, alifanya nini. Mwisho ni majina ya mashahidi. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinataka mambo mawili: kosa litajwe, na maelezo yatoshe kumjulisha mtu anashtakiwa kwa jambo gani. Katiba ya 2010 ikaja kulitia nguvu hilo katika ibara ya 50, kwamba mshtakiwa aelezwe shtaka kwa undani unaomwezesha kulijibu. Kwa mtu wa nje haya ni mambo ya makarani. Kwa sisi tuliosimama mbele ya hakimu, yalikuwa msingi wa kila neno tulilotamka.

Nilipotoka chuo cha polisi cha Kiganjo sikuwa na mawazo ya mahakama. Nilitaka upelelezi. Lakini ofisi ya mashtaka ilihitaji maafisa wanaosoma na kuandika bila kuchoka, nikapelekwa huko, nikawekwa chini ya inspekta mmoja mzee, mtu wa Taita, aliyekuwa amekaa mahakamani miaka mingi kuliko mahakimu waliokuja na kuondoka. Siku zile mashtaka yote ya Jamhuri yalikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, na katika mahakama za mahakimu kazi ilifanywa na sisi polisi, wengi wetu bila shahada ya sheria. Mzee yule hakunipa kitabu. Alinipa faili la kesi ya ulevi barabarani, akaifunika hati kwa kiganja, akaniambia, "Usianze na kifungu, mwanangu. Soma mashahidi kwanza. Ukimaliza, niambie wewe ungemshtaki kwa lipi. Halafu ndiyo tutazame hawa wamemshtaki kwa lipi."

Nikasoma. Askari wa trafiki alisema alisimamisha gari kwenye kizuizi, akasikia harufu ya pombe, akamkamata dereva. Basi. Hakueleza gari lilikujaje, dereva alisimamaje, alizungumzaje. Hakuna daktari aliyemwona. Nikamwambia mzee kwamba mimi naona mtu aliyekunywa, lakini sioni mtu aliyeshindwa kuendesha. Akaondoa kiganja. Hati ilisema: "aliendesha gari akiwa amekunywa pombe." Mzee akasema, "Hilo si kosa linalojulikana na kifungu walichokitaja. Mpigie simu mkuu wa kituo."

Kifungu chenyewe ni cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Nimekaa nacho maisha yangu yote ya kazi, na ningependa kila dereva wa Kenya akijue. Hakimwadhibu mtu kwa kunywa. Kinamwadhibu anayeendesha, au anayejaribu kuendesha, au aliye na gari chini ya mamlaka yake barabarani au mahali pengine pa umma, naye yuko chini ya athari ya pombe au dawa za kulevya kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kosa. Ukiyaacha, umeandika habari ya mtu aliyepita baa akarudi kwake. Na ndiyo yaliyoachwa mara nyingi kuliko mengine yote. Vituoni waliandika "akiwa mlevi", wakaona wamemaliza. Wapo walionakili hati ya jana wakabadilisha jina na namba ya gari, na kosa la hati ya kwanza likaendelea kuzaa hati baada ya hati hadi mtu alipolishtukia.

Tatizo hili huonekana zaidi siku ya kusomewa shtaka. Nakumbuka dereva mmoja wa pikapu ya samaki, mtu wa makamo, mpole. Aliposomewa akajibu, "Ni kweli, Mheshimiwa. Nilikunywa mnazi chupa mbili. Lakini gari nililiendesha vizuri mpaka pale askari waliponisimamisha." Kwa mahakimu wengi wenye orodha ndefu ya asubuhi, neno "ni kweli" lingetosha, faini ingetajwa, na karani angeita jina linalofuata. Hakimu wa siku ile alitua kalamu. Alimwomba arudie, akayaandika maneno yote kama yalivyotoka, kisha akaandika kwamba mshtakiwa amekana.

Alifanya hivyo kwa sababu kuna uamuzi wa zamani ambao kila kiongozi wa mashtaka wa Afrika Mashariki hukua nao: Adan dhidi ya Jamhuri, wa 1973, wa iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Uamuzi ule ulipanga hatua za kupokea ukiri. Shtaka na kila kiungo chake vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, upande wa mashtaka ueleze ukweli wa tukio, naye apewe nafasi ya kuukubali, kuupinga au kuongeza la kwake. Akiongeza jambo linalomtoa katika kosa, ule ukiri hufutwa na kesi huenda kusikilizwa. Dereva yule wa pikapu alikuwa amekiri kunywa na kukana kosa, kwa pumzi moja.

Kesi yake ilisikilizwa. Kabla ya shahidi wa kwanza niliomba kurekebisha hati ili maneno ya kushindwa kulimudu gari yaingie, kama kifungu cha 214 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinavyoruhusu, na akasomewa upya. Askari wawili wakaeleza namna pikapu ilivyokuwa ikihama upande mmoja wa barabara kwenda mwingine kwa mwendo mrefu, na kwamba dereva aliposhuka alijishika kwenye mlango. Daktari akaeleza alichokiona. Alitiwa hatiani, na nadhani kwa haki. Nasimulia kisa hiki kwa sababu kuna watu hudhani kwamba anayedai hati iandikwe sawasawa anawatetea walevi. Hati iliyorekebishwa kwa wakati ndiyo iliyomfunga yule bwana. Ile ya mwanzo ingempa wakili wake rufaa nyepesi.

Na rufaa hizo zilikuwepo. Mtu anakiri asubuhi, analipa faini au anashindwa kulipa anapelekwa gerezani, kisha ndugu zake wanachanga pesa za wakili, na Mahakama Kuu inakuja kusema, miezi mingi baadaye, kwamba shtaka alilokiri halikuwa kosa kama lilivyoandikwa. Wakati huo muhula wake umekwisha. Amekwisha kupoteza kazi, leseni imeandikwa, mke amerudi kwao. Uamuzi wa rufaa unafika kama barua kwa mtu aliyehama.

Kosa jingine lililonikera lilikuwa la neno "aliendesha". Mwalimu mmoja alikutwa usingizini ndani ya gari lake nje ya baa, injini imezimwa, ufunguo mfukoni. Hati ilisema aliendesha. Shauri lile liliendeshwa na mwenzangu, nami nilikaa nyuma nikisikiliza. Mashahidi wote, mmoja baada ya mwingine, walisema walimwamsha. Hakuna aliyemwona akiendesha hata mita moja. Wangeweza kumshtaki kwa kuwa na gari chini ya mamlaka yake akiwa hajimudu, na hapo tungebishana kuhusu ufunguo na injini. Lakini shtaka lilisema jambo moja na ushahidi ukasema jingine, na hakuna aliyeomba marekebisho hadi upande wa mashtaka ulipofunga kesi. Hakimu akaamua chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kwamba hana kesi ya kujibu. Mimi binafsi nilifurahi. Mtu aliyekunywa akaamua kulala garini badala ya kuingia barabarani alifanya jambo ambalo ningetamani wenzake wote walifanye. Lakini sikufurahia njia tuliyofikia hapo, maana ni njia ileile ambayo siku nyingine humpitisha mtu aliyeua.

Mwaka 2003 ulituletea mtikisiko wa aina nyingine. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Elirema, ilifuta hukumu kwa sababu mashtaka yaliendeshwa na koplo, ilhali sheria ya wakati ule ilitaka kiongozi wa mashtaka wa polisi asiwe chini ya cheo cha inspekta msaidizi. Kesi ile haikuwa ya ulevi barabarani. Lakini mahakama ndogo za mashambani zilikuwa na makoplo waliosimama kila siku mbele ya mahakimu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, na kesi za trafiki ndizo walizopewa zaidi kwa kuwa zilionekana nyepesi. Ghafla kila mtu akaanza kufungua majalada ya zamani kuangalia nani alisimama. Muda mfupi baadaye, Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zikaanza kutekelezwa, mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, na korido zikajaa madereva na utingo. Kazi iliongezeka maradufu. Maafisa hawakuongezeka. Hati zikazidi kuandikwa mbiombio.

Niseme kuhusu haraka hiyo, kwa sababu wengi huiona kuwa uzembe tu. Aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Ni haki nzuri, na sitaki iguswe. Lakini dereva aliyekamatwa saa nane za usiku baada ya ajali hupelekwa mahakamani asubuhi hiyohiyo, kabla vipimo vya damu havijarudi kutoka kwa Mkemia wa Serikali, kabla mchoro wa eneo la ajali haujakamilika, na wakati mwingine kabla haijajulikana kama majeruhi ataishi. Afisa hutafuta shtaka jepesi la kumfikisha nalo. Hapo ndipo nilipowaona madereva waliogonga watu wakiletwa kwa kosa la kulewa na kufanya fujo hadharani, chini ya sheria ya vileo ya 2010, ile ambayo watu waliiita sheria ya Mututho. Dereva aliyeshauriwa vizuri hukiri mara moja, hulipa faini ndogo, huondoka. Kesho yake kituo kinataka kuleta shtaka la kuendesha akiwa mlevi, na wakili anasimama na kusema mteja wake ameshahukumiwa kwa tukio lilelile, hawezi kuhukumiwa mara mbili. Sheria ina njia ya kushtaki tena pale matokeo mapya yanapotokea, kama majeruhi kufariki, lakini njia hiyo ni nyembamba na ina mabishano kila hatua. Dawa ni kuomba mahakama muda, kumwachia mtu kwa dhamana, na kusubiri ushahidi ukae sawa kabla ya kuchagua shtaka. Niliwaambia hivyo maafisa wa vituo hadi wakanizoea.

Baada ya Katiba mpya, mamlaka ya kushtaki yalihamia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma chini ya ibara ya 157, na polisi wakaanza kuondolewa mahakamani hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nimesoma sheria kwa masomo ya jioni, na nilikuwa miongoni mwa waliopata nafasi ya kuendelea. Nililiunga mkono badiliko lile kwa moyo wote. Mtu anayekamata asiwe ndiye anayeamua shtaka. Jicho la pili huona tofauti.

Kisha ikaja Desemba 2013, na Alcoblow.

Kipima pumzi hiki kilikuwa na kanuni zake, Kanuni za Trafiki za Kipima Pumzi za 2011. Ziliweka kikomo: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Ukizidi hapo, umetenda kosa. Vizuizi vikawekwa usiku kwenye barabara za kutoka mjini, madereva wakapuliza, mashine ikatoa namba, na asubuhi mahakama zikajaa watu waliovaa nguo za jana. Nilikiunga mkono kipimo kile, na bado nakiunga mkono. Askari hakuhitaji tena kusema "nilisikia harufu". Madereva waliogopa. Wapo waliokunywa wakaacha magari wakapanda teksi, na hilo lilikuwa jambo jema kuliko hati yoyote niliyowahi kuisoma.

Lakini hati zilinitia wasiwasi tangu wiki za mwanzo. Nyingi zilitaja Kanuni peke yake, zikasema dereva alizidisha kiwango. Nyingine zilichanganya: zilitaja kifungu cha 44 na kanuni kwa pamoja, katika shtaka moja, na maelezo yakasema alikuwa na namba fulani ya pombe. Mtu aliyesomewa shtaka kama hilo alitakiwa ajibu lipi? Kifungu cha 44 kinataka ithibitishwe kwamba alishindwa kulimudu gari. Kanuni ilitaka namba tu. Dereva anaweza kuwa na namba kubwa na mkono bado uko imara, na mwingine ana namba ndogo na hawezi kuiona barabara. Ni makosa mawili yenye ushahidi tofauti na utetezi tofauti, na kuyafunga pamoja katika sentensi moja ni kumnyima mtu haki ya kujua anapigana na nini. Katika mafaili yaliyopita mikononi mwangu nilidai yatenganishwe, shtaka la kwanza na la pili, kila moja na maelezo yake, na askari aandike alichokiona kwa macho hata kama ana karatasi ya mashine. Baadhi ya vituo viliitikia. Vingine vilijibu kwamba mashine imeshasema, cha nini tena hadithi ya kuyumba na kujikwaa?

Kulikuwa na kesi mahakamani wakati huohuo ikipinga Kanuni zenyewe. Mahakama Kuu ilizikubali. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza. Hoja yake, kwa jinsi nilivyoisoma na kuirudia, ilikuwa rahisi kuieleza hata sokoni. Bunge, katika kifungu cha 44, limeweka kosa la kuwa chini ya athari ya pombe kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni zikaja na kosa lingine, la kuzidi kipimo, liwe gari limemshinda au halikumshinda. Kanuni hutungwa ili kutekeleza sheria iliyotungwa na Bunge. Hazina mamlaka ya kwenda kinyume chake. Anayetaka kumshtaki dereva mlevi, basi amshtaki kwa Sheria.

Magazeti yaliandika kana kwamba walevi wameruhusiwa. Baa kadhaa zilisherehekea. Hukumu haikuruhusu lolote la namna hiyo, kwani kifungu cha 44 kilibaki palepale, na mtu aliyelewa akaendesha bado alikuwa mhalifu. Kilichoanguka ni njia ya mkato. Na ilipoanguka, tofauti kati ya hati na hati ilionekana mchana kweupe. Kesi zangu zilizokuwa zikiendelea nilizipanga makundi mawili mezani. Zile ambazo askari alikuwa ameandika kwamba gari lilipanda ukingo wa barabara, au dereva alishindwa kusimama, na kifungu cha 44 kilikuwa kimetajwa peke yake, ziliendelea. Zile zilizokuwa na karatasi ya mashine na hakuna kingine, niliziondoa chini ya kifungu cha 87 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, na nyingi hazikurudi kamwe, maana huwezi kumwita askari baada ya mwaka mzima aanze kukumbuka jinsi mtu alivyotembea. Katika kundi hilo la pili, sina shaka, walikuwemo walevi wa hatari. Pia walikuwemo watu waliopunguziwa mzigo ambao hawakustahili kubebeshwa. Hakuna aliyeweza kuwatenganisha tena, na hilo ndilo lililonisikitisha zaidi.

Nisieleweke kwamba kila dosari huangusha kesi. Kifungu cha 382 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo kinasema hukumu haifutwi kwa sababu ya kosa katika hati isipokuwa kosa hilo limesababisha haki isitendeke. Herufi ya namba ya gari ikikosewa, jina la barabara likaandikwa vibaya, tarehe ikapishana na mshtakiwa anajua vyema ni usiku upi unaozungumzwa, mahakama husamehe. Nimewaona mawakili wakisimama nusu saa juu ya herufi moja, na mahakimu wakiwasikiliza kwa uvumilivu kisha wakaendelea. Swali ni moja: je, mtu huyu alijua anashtakiwa kwa kosa gani, na aliweza kujitetea? Jibu likiwa ndiyo, hati yenye mikwaruzo hutosha. Jibu likiwa hapana, hata ushahidi mzito hauokoi. Ndiyo maana neno "ufundi wa kisheria" ambalo watu hulitumia kwa dharau kila mlevi anapoachiliwa halinipendezi. Kutaja kosa ambalo mtu ametenda si ufundi. Ni jambo la kwanza ambalo Jamhuri inadaiwa.

Kesi iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, akafa hapohapo. Dereva wa lori alikuwa amelewa. Hilo halikuwa na ubishi, kwani damu yake ilipimwa na majibu yakarudi. Kituo kikamshtaki kwa kifungu cha 46, kusababisha kifo kwa kuendesha, ambacho adhabu yake hufika kifungo cha miaka kumi. Ni shtaka zito, na nadhani walilichagua kwa uchungu wa kweli. Lakini kifungu hicho cha Sheria ya Trafiki kinahusu namna ya uendeshaji: uendeshaji wa kutojali, au mwendo au namna iliyo hatari kwa umma. Maelezo ya hati yalisema tu kwamba aliendesha akiwa mlevi na kumsababishia mwenzake kifo. Hayakusema alihama upande wake, wala alikimbia, wala alipita gari jingine pasipofaa. Na kwa kuwa hati haikuyasema, hakuna aliyeyatafuta. Mchoro wa eneo ulikuwa na mistari michache. Alama za matairi hazikupimwa. Shahidi pekee aliyekuwa barabarani alisikia kishindo akageuka. Na shtaka la kifungu cha 44, ambalo lingethibitika asubuhi moja, halikuandikwa kabisa.

Faili lilinifikia kesi ikiwa imeshasikilizwa nusu, mashahidi wakuu wameshatoka. Mwishoni niliiomba mahakama imtie hatiani angalau kwa ulevi. Hakimu alikataa, akaeleza kwamba kosa hilo lilipaswa kuandikwa peke yake ili mtu ajitetee dhidi yake, na kwamba wakili wake hakumhoji daktari juu ya jambo ambalo hakushtakiwa nalo. Dereva akaachiliwa. Sikuweza kumlaumu hakimu.

Mama wa yule kijana alinisubiri nje, chini ya mwarobaini. Alikuwa amekuja kila mara kesi ilipotajwa, akitoka mbali kwa matatu mbili.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwani hakuwa amelewa?"

"Alikuwa amelewa, mama."

"Na si yeye aliyemuua mtoto wangu?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza, kwamba yaliyoandikwa hayakulingana na yaliyotakiwa kuthibitishwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ya watu wazima wa kwetu, kisha akauliza kama karatasi hiyo inaweza kuandikwa upya. Nikamwambia rufaa ipo, nikampeleka mwenyewe kwa wenzangu wanaoshughulikia rufaa, nao wakalipokea faili. Lakini rufaa haimrudishi shahidi aliyekwisha kusahau, wala haipimi alama za matairi zilizofutwa na mvua.

Zaidi ya watu elfu nne hufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Si wote wanaouawa na walevi, lakini waliouawa na walevi wanastahili hati iliyoandikwa na mtu aliyefikiri. Kwa hiyo nawaomba maafisa walioko mezani usiku wa leo, vijana ambao wengi wenu mna elimu kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Chukua damu mapema. Andika gari lilivyokuwa likienda na mtu alivyosimama, kwa maneno yako, usiku huohuo. Tenganisha makosa, kila moja na shtaka lake. Usiache maneno ya kushindwa kulimudu gari. Usinakili hati ya jana. Ukiwa na shaka, omba muda kwa hakimu, na umpigie simu mwendesha mashtaka kabla ya kutia sahihi.

Nanyi mliompoteza mtu barabarani, msingoje siku ya hukumu ndipo mjue kilichoandikwa. Nendeni kituoni au ofisi ya mashtaka mapema, muulize ni mashtaka gani yameandikwa na ni mashahidi gani wameitwa, na kama shtaka la ulevi limo. Mkiona halimo, semeni kabla dereva hajasomewa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kupewa taarifa za kesi na ya maoni yenu kusikilizwa.